Sumaku zinafaa kufundishia jinsi atomu zinavyoshikana? Naombeni ushauri

Kaka_Ndosho: Wandugu wa Goma, salamu. Nafundisha kemia, shule yetu haina maabara. Nataka kutengeneza atomu za mbao zenye sumaku ndani, wanafunzi waziunganishe kwa mikono, halafu niziuzie na shule nyingine. Je, mfano huo ni sahihi? Nijibuni leo, tafadhali.

MhandisiHimbi: Si sahihi. Sumaku zikikaribiana zinavutana zaidi na zaidi mpaka zigusane. Atomu mbili za hidrojeni haziendi hivyo. Elektroni zao zinavutwa na viini vyote viwili, ndicho kinachozishika pamoja. Zikisogeleana kupita kiasi, kiini kinasukuma kiini, elektroni nazo zinasukumana. Zinatulia pale mvuto na msukumo vinapolingana, viini vikiwa mbali kwa pikomita 74 hivi (pikomita ni mita moja ikigawanywa mara trilioni). Kwa sumaku, mtoto atakosa nusu ya habari.

MamaKatindo: Mwalimu wangu, mimi kemia niliijulia kwenye mazuku, yale mashimo yenye hewa inayoua. Mbuzi wetu walishuka shimoni njia ya Sake, hawakupanda tena. Mchungaji amesimama palepale, hajui kitu. Wafundishe hiyo kwanza.

MhandisiHimbi: Pole mama. Ni kabonidioksidi, uzito wa molekuli yake ni 44, hewa ni kama 29, ndiyo maana inalala mashimoni. Molekuli hiyo nayo imenyooka kwa sababu ya msukumo uleule wa elektroni: elektroni zinazoshika oksijeni mbili zinakimbiana hadi digrii 180.

Yaya_Birere: Mdogo wangu, mbona haraka? Sumaku umeshanunua?

Kaka_Ndosho: Bado. Nimetoa avansi tu, malipo ya awali.

Yaya_Birere: Pesa ya nani?

Kaka_Ndosho: Ya mama. Zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ilifika, akaniachia nimtunzie pesa ya mabati. Nitairudisha shule zikilipa. Seremala naye ameshaanza kukata mbao, siwezi kumsimamisha. Na sumaku ukigeuza upande zinasukumana pia, kwa hiyo mfano si mbaya kiasi hicho.

MamaKatindo: Pesa ya mabati, na mvua hizi! Mzazi akikupa umtunzie, unatunza.

Chukudu_Mbio: Uzi huu umetungwa. Mwalimu wa kemia gani anauliza jambo la kitabu chake? Huyu anauza sumaku, kesho mtaona namba ya simu.

Kaka_Ndosho: Sina namba ya kuweka. Kitabu kinachora mstari kati ya H na H, basi. Mwanafunzi aliniuliza: kama zinavutana, kwa nini mstari hauishi kabisa? Swali hilo ndilo lililonileta hapa.

Chukudu_Mbio: Haya, kwa nini molekuli ya maji imepinda?

Kaka_Ndosho: Oksijeni imezungukwa na jozi nne za elektroni. Mbili zimeshika hidrojeni, mbili ziko peke yake, na hizi za peke yake zinasukuma kwa nguvu zaidi. Methani, ambayo jozi zake zote zimeshika hidrojeni, ina digrii 109.5. Maji yamebanwa hadi 104.5.

Chukudu_Mbio: Basi wewe ni mwalimu kweli, niwie radhi. Lakini umbo hilo halidai sumaku. Funga maputo manne pamoja shingoni. Yatasukumana yenyewe mpaka yakae kama methani. Hakuna mtoto atakayesahau.

MhandisiHimbi: Wazo zuri sana. Na sumaku usizitupe, umeziweka mahali pasipo pake tu. Ndani ya molekuli zinadanganya. Kati ya molekuli moja ya maji na nyingine zinasaidia: upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, wa hidrojeni chanya kidogo, kwa hiyo pande hizo zinavutana. Chache zinatosha.

Yaya_Birere: Sasa mwone muuzaji akupe za thamani ya avansi, zilizobaki aache. Seremala akate atomu za maji tu. Na mama aambiwe leo.

Kaka_Ndosho: Muuzaji nitamwona asubuhi. Mama yuko Minova mpaka Jumapili.

MamaKatindo: Simu inafika Minova.