Waraka umefunga bweni la wadogo, sasa sisi tunaolala porini tufanyeje?

Mleta mada, dereva wa watalii, mtaa wa Sakina, Arusha

Wadau, habari za jioni. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mimi nalala Seronera, kule Serengeti, kuliko ninavyolala kwangu. Mama wa binti yangu alifariki mtoto akiwa na miaka 5. Alipofika darasa la pili nikamnunulia tranka, godoro na ndoo mbili, nikampeleka bweni upande wa Usa River. Ada ilikuwa inauma, ila usingizi nilikuwa napata.

Machi 2023 ukaja waraka wa Kamishna wa Elimu: hakuna bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Shule ikatupigia simu tukachukue watoto. Nikatafuta dada wa kazi, na huyu niliye naye sasa ni wa nne. Gari ya shule inampitia saa kumi na moja kasoro alfajiri maana ndiye wa kwanza kwenye ruti, inamrudisha saa kumi na mbili jioni anasinzia. Eti ndiyo kulelewa nyumbani huko.

Nimewahi kumbeba mzee wa Kiingereza aliyepelekwa bweni na miaka 8. Kwao ni jambo la heshima, wana shule kama Eton iliyoanza mwaka 1440. Mdenmaki naye alinieleza kuhusu efterskole, shule za bweni ambako vijana wao wa miaka 14 mpaka 18 huenda kukaa mwaka mmoja, wanapika na kufagia wenyewe. Wenzetu bweni si dhambi. Kwetu imekuwaje?

Mwalimu mstaafu, Old Moshi

Mwanangu, pole kwa msiba. Ila huyo Mdenmaki wako amekujibu mwenyewe: miaka 14.

Mimi silichukii bweni. Nililala bwenini tangu darasa la tano enzi za middle school, na sekondari nikapelekwa Songea. Mchaga anakwenda kwa Wangoni, Mngoni analetwa huku mlimani, tukajuana. Lakini tulikwenda tukijua kufua, kumenya ndizi na kumrudishia anayetuonea. Mtoto wa miaka 7 akikojoa kitandani saa saba usiku, chumba kina watoto arobaini na matroni mmoja, nani anabadilisha shuka? Nimekuwa mwalimu wa zamu. Analala nalo mpaka kuche, na asubuhi wenzake wanamwimba.

Na tusidanganyane, wengi hawakulikimbilia bweni kwa sababu ya kazi za porini. Ilikuwa biashara ya mtihani. Shule inataka A za darasa la nne, watoto wanawekwa kambi, prepo ya kujisomea alfajiri, prepo usiku. Nawajua wazazi hapa Moshi, nyumba ina vyumba vitano, mama anashinda nyumbani, na mtoto wa darasa la kwanza alikuwa bwenini. Bibi yuko Kibosho na kuku wake, hana mjukuu wa kumtuma chumvi.

Mfugaji, Longido

Nyie mna gari ya shule, mnalalamika. Kutoka bomani kwangu mpaka shule ni kilomita 14, na katikati kuna tembo. Kiangazi kikikaza ng'ombe wanahama, familia inahama. Bila bweni mtoto wangu angeanza shule na miaka 10, kama angeanza. Na binti asiyekuwa bwenini, kuna wazee wanamhesabia ng'ombe. Wafugaji wa Mongolia nao watoto wao wadogo hulala kwenye mabweni ya shule wakati wazazi wako mbali na mifugo. Kwa hiyo mkisema bweni libaki au lifutwe, semeni la wapi. Huo mlango wa kibali uliowekwa kwenye waraka, sisi ndio wenyewe.

Mama wa watatu, Ngaramtoni

Kaka wa Sakina, nikuulize bila ubaya. Kwa nini mtoto anazungushwa mji mzima? Pale kwenu hakuna shule ya msingi ya serikali?

Dada yangu ni nesi Finland. Anasema kule mtoto anaanza darasa la kwanza na miaka 7, na akiwa anakaa zaidi ya kilomita 5 kutoka shuleni, halmashauri inamsafirisha bure. Wengi wanasoma shule ya jirani. Sisi shule ya jirani tunaipita kwenye kioo cha basi kwa sababu inafundisha kwa Kiswahili. Nami nilikuwa hivyohivyo. Tangu ile asubuhi ya Aprili 2024 basi la shule liliposombwa na maji hapa Arusha, kila mvua ikinyesha alfajiri nilikuwa naganda. Mwisho nikamtoa wa pili ingilishi midiamu, nikampeleka hapa jirani. Darasani wako zaidi ya tisini, sitakudanganya. Lakini saa nane ameshakula ugali wangu.

Mleta mada

Mama, hapo umenigusa penye kidonda. Ipo, kengele yake naisikia nikiwa kitandani. Naogopa akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote Kiingereza, atakuwa bubu. Mimi Kiingereza nimekipata kwa wageni nikiwa na miaka 26, najua kilivyonitoa jasho.

Mwalimu, kuhusu shuka. Nilipomrudisha nyumbani, wiki nzima alikuwa ananiomba ruhusa ya kwenda chooni. Nyumbani kwake. Nikadhani ni adabu nzuri, nikawa nawasimulia watu kwa kujisifu.

Bado nasema waraka ulimwangalia mtoto ukamsahau mzazi asiyekuwepo. Jumanne naingia Ngorongoro siku 9. Kuna jirani hapa Sakina mwenye mtoto shule ya serikali anayeweza kukaa na wangu mchana? Chakula nitaleta mimi, na wa kwake nitamlipia tuisheni.

Mama wa watatu, Ngaramtoni

Shemeji yangu yuko karibu na pale wanapopaki toyo, ana wawili. Nimemuuliza, anasema mje Jumapili mchana, umlete na mtoto mwenyewe.