Son of Beast ya Ohio: mbona ilijengwa kwa mamilioni halafu ikabomolewa?

Mama_Dayton

Heshima kwenu wakuu. Tunaishi Dayton, na watoto wamenibana niwapeleke Kings Island, bustani ya michezo kule Mason, shule zikifungwa. Jirani yetu, mzee wa hapahapa, ananiambia zamani palikuwa na rola kosta ya mbao, yaani treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi, iliyokuwa ikiwapindua watu miguu juu kichwa chini. Iliitwa Son of Beast, na haikudumu. Mtu anamwaga mamilioni ya dola, anasimamisha mlima wa mbao, kisha anaubomoa? Nauliza kwa sababu The Beast wanayoitaka wanangu nayo ni ya mbao. Niwaruhusu?

Mpitanjia

Nilisikia ilianguka na watu ndani, dada. Mimi wangu siwapeleki.

Seremala_wa_Tanga

Hapana, haikuanguka. Naomba tuliweke sawa hilo kwanza, maana uvumi huo umezunguka sana.

Dada, mimi ni seremala. Randa nilianza kuishika Tanga, na hapa Columbus kazi yangu ni kusimamisha fremu za nyumba. Son of Beast niliipanda ikiwa bado na kitanzi chake, yaani lile duara la kuwapindua watu, na habari zake nimezifuatilia kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga.

Ilifunguliwa mwaka 2000, bustani ikiwa bado mali ya kampuni ya Paramount. The Beast ilikuwepo tangu 1979, na mpaka leo ndiyo rola kosta ya mbao ndefu kuliko zote duniani, zaidi ya futi 7,300. Basi wakataka mtoto (son ni mtoto wa kiume) ampite mzazi. Kimo futi 218, yaani mita 66 hivi, na kabla yake hakuna ya mbao iliyowahi kufika futi 200. Kasi maili 78 kwa saa, kama kilomita 125. Halafu katikati ya njia wakaweka kitanzi cha futi 118: treni inapanda wima, inapinduka, inashuka. Wakati ule hapakuwa na rola kosta nyingine ya mbao yenye kitu hicho.

Nikiwa kwenye foleni, wenzangu walikuwa wanaangalia treni, mimi naangalia maungio. Nguzo zimesimama safu kwa safu, mihimili ya mshazari imepishana katikati yake, na kila pishano lina bolti nene na washa yake. Treni ikipita juu, nguzo inacheza. Unaiona kwa macho. Na inatakiwa icheze, kwa sababu mbao uliyoibana isiweze kucheza hupasuka.

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Njia ya rola kosta ya mbao ni mbao zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, kisha juu yake unapita ukanda wa chuma ambao magurudumu huukanyaga. Mbao hunyonya maji ikavimba, ikikauka husinyaa, na baridi ya Ohio haina huruma nayo. Nati zinalegea. Ndiyo maana mafundi hupita juu ya njia asubuhi kabla ya wageni kuingia, wanakagua na kukaza. Hayo ni ya kawaida kwa kila rola kosta ya mbao. Lisilo la kawaida lilikuwa uzito. Kwa ajili ya kitanzi walichukua treni za kampuni ya Premier Rides, nzito kuliko treni zilizozoeleka kwenye mbao. Uzito ule, kwa kasi ile, ukiingia kona ileile mchana kutwa, kiangazi kizima, mbao inaumia. Malalamiko kwamba inatikisa mno yalianza mapema.

Tarehe 9 Julai 2006, siku ileile ya fainali ya Kombe la Dunia kati ya Italia na Ufaransa, boriti moja ilivunjika. Njia ikabonyea kidogo pale, na treni ikapita juu ya shimo lile na abiria wake. Watu 27 walipelekwa hospitali. Treni haikutoka njiani wala haikuanguka. Kampuni ya Cedar Fair ilikuwa imeinunua bustani hiyo siku chache tu kabla.

Wamiliki wapya wakakiondoa kitanzi, wakaleta treni nyepesi zilizokuwa zikitumika kwenye rola kosta nyingine ya mbao kule Myrtle Beach, South Carolina, na tarehe 4 Julai 2007 ikafunguliwa tena. Kwa maoni yangu walifanya jambo sahihi, ila miaka sita ya kupondwa haifutiki kwa kubadilisha treni. Juni 2009 mgeni mmoja akadai ameumia kichwani baada ya kuipanda. Ikafungwa, na haikufunguliwa tena. Ikabaki imesimama tu, watu wanaiona juu ya miti wanapokwenda kwenye michezo mingine, hadi 2012 walipotangaza kuibomoa.

Kuhusu wanao: The Beast ni jambo lingine kabisa. Mlima wake wa kwanza una futi 110 tu. Mteremko wake wanaupata kwa kufuata mabonde ya mle msituni, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia iko karibu na ardhi na nguzo zake ni fupi. Kasi yake haifiki maili 65 na kitanzi haina. Imekuwa ikifanya kazi tangu 1979 na mbao zake zinabadilishwa kila zinapochoka. Tena hapa Ohio vyombo hivi hukaguliwa na Wizara ya Kilimo ya jimbo, na lazima viwe na kibali. Mtoto awe na inchi 48, yaani sentimita 122. Akifika hapo na mwenyewe anataka, mpandishe.

Mpitanjia

Nimekuelewa mkuu, nashukuru. Ila kitanzi chenyewe kilikuwa cha mbao kweli?

Seremala_wa_Tanga

Kilichokibeba kilikuwa chuma. Muundo wa mbao uliishia pembeni, pale kwenye duara wakasimamisha chuma.

Mama_Dayton

Asante sana kaka, umenitoa wasiwasi. Pale ilipokuwa kuna nini sasa?

Seremala_wa_Tanga

Kuna Banshee, ilifunguliwa 2014. Hiyo ni ya chuma tupu, viti vinaning'inia chini ya reli, na inapindua mara saba. Wanao wakubwa wataipenda.

Lakini dada, acha niseme linaloniuma. Son of Beast ilibomolewa wakati dawa yake ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 2011 kampuni ya Rocky Mountain Construction ilichukua rola kosta ya mbao ya Texas iliyochakaa, Texas Giant, ikaacha nguzo za mbao na kuweka juu yake njia mpya ya chuma. Ikawa laini. Mwaka 2013 kampuni hiyohiyo ikajenga Outlaw Run kule Missouri, ya mbao, inapindua mara tatu na watu wanapanda mpaka leo. Kwa hiyo mbao inaweza kupindua watu, mradi treni na njia vifanane na kazi yenyewe.

Na hapahapa Ohio, kwenye bustani ya Cedar Point kule Sandusky, ya kampuni ileile, kulikuwa na Mean Streak ya mwaka 1991, nayo ya mbao, nayo ikilalamikiwa kwa kutikisa. Ilifungwa 2016. Hiyo hawakuing'oa. Nguzo zake zikapewa njia mpya ya chuma, na tangu 2018 inaitwa Steel Vengeance: futi 205, maili 74 kwa saa, inapindua mara nne. Foleni yake haikatiki. Nguzo za Son of Beast zilikuwa ndefu kuliko hizo, na wangezisubirisha miaka michache tu zingepata njia ya namna hiyo.