Karatasi ya "kukunja ulimi" imenigombanisha na mzazi. Urithi nianze kuufundisha vipi upya?

Mwl_wa_Jumatano

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Nafundisha baiolojia sekondari ya kutwa huku kanda ya ziwa. Kila Jumatano baada ya vipindi nina klabu ya sayansi ya kidato cha kwanza na cha pili, watoto 34, wengi miaka 13 na 14. Mada ya jenetiki wataikuta mbele ya safari, lakini wao wenyewe ndio walionibana. Mmoja alisikia redioni habari za mtu kupeleka mtoto kupimwa vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, akaja na swali, na swali likazaa maswali.

Nikachukua njia ya mkato. Nikapakua karatasi moja ya mazoezi kutoka intaneti, nzuri, ina michoro: nani anaweza kukunja ulimi kama mrija, nani ana dimpozi, nani ndewe ya sikio lake imeshikana na shavu. Nikatoa nakala, nikawaambia wakajaze nyumbani, safu ya baba, safu ya mama, safu ya ndugu. Chini karatasi inasema kukunja ulimi kunatokana na jeni tawala (jeni ni yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), kwa hiyo wazazi wasioweza hawazai anayeweza.

Mnaona inakoelekea.

Kijana mmoja, tena kati ya wale wepesi wa kuelewa, ulimi wake unakunjika vizuri tu. Baba hawezi. Mama hawezi. Mtoto akasoma ile sentensi ya chini kwa sauti wakiwa wanakula. Jumatatu asubuhi nikamkuta baba yake amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, karatasi ameikunja mara nne mfukoni mwa shati. Hakugomba. Aliinyoosha gotini akaniuliza, "Mwalimu, hii karatasi inasemaje kuhusu mimi?" Ningependa angenitukana.

Nilimweleza kwamba hicho si kipimo cha chochote. Alinisikiliza, akashukuru, akaondoka. Kijana hajaja klabu Jumatano mbili sasa.

Na hata kabla ya hapo lugha ilikuwa inanipiga chenga. Nikisema "urithi" wanafikiria shamba na ng'ombe. Binti mmoja alinyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo mimi nimepata nusu ya jeni alizopata kaka yangu?" Kwao mtoto wa kike hurithi nusu ya fungu la wa kiume, kwa hiyo swali lake lilikuwa na mantiki kuliko maelezo yangu. Nikisema "tawala" wanadhani ni jeni bora, au ile yenye watu wengi nyuma yake.

Naomba msaada wa mambo mawili: nawafundishaje watoto wa umri huu bila kuingia vyumbani mwa wazazi wao, na maneno gani mnayatumia?

---

kijana_wa_kona

Hiyo karatasi ichome moto kwanza, mengine tutaongea baadaye 😂

---

Mstaafu_Ukerewe

Marahaba mwanangu. Pole, na usijione wa kwanza. Mwaka 1986 mimi nilifanya zoezi la aina hiyo kwa vikundi vya damu, sitasimulia lilivyoishia.

Acha watu. Nenda kwa kuku.

Unamjua kishingo, yule kuku wa shingo tupu. Kila kijiji anapatikana, na watoto wamemwona tangu wanatambaa. Sasa waambie wamtazame vizuri, maana kuna vishingo wa namna mbili. Mmoja shingo yake ni tupu kabisa, nyekundu hadi kifuani. Mwingine ana kifungu cha manyoya kimebaki hapa mbele, chini ya koo, kama tai ya mtu aliyeivaa kwa haraka. Yule aliye tupu kabisa amepata jeni ya kishingo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye kitai amepata moja tu, na ya pili ni ya kawaida. Huwezi kupata kitu kizuri kuliko hicho kwa mtoto: jeni moja na jeni mbili anaziona kwa macho, bila hadubini. Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa njegere, hakupata nafasi hiyo, kwake mbegu ya mviringo yenye jeni moja na yenye jeni mbili zilionekana sawasawa, ikabidi azipande tena ndipo azijue.

Mchukue jogoo mwenye kitai umpandishe kwa mtetea wa kawaida. Kila yai lina nafasi nusu kwa nusu. Na hutangoja wakue, kifaranga kishingo unamtambua siku anapoanguliwa.

Angalizo moja ambalo vitabu havisemi: kuku wa mtaani hawana ndoa. Mtetea anatunza mbegu za jogoo tumboni wiki mbili, pengine tatu. Ukimchukua leo ukamfungia na jogoo wako, mayai ya mwanzo yanaweza kuwa ya jogoo wa jirani, na darasa lako litakuona mwongo. Mtenge wiki tatu peke yake, ndipo umwingize jogoo.

Kuhusu neno "tawala". Usiwaambie ni jeni yenye nguvu. Mimi nilikuwa nasema jeni inayosikika: wawili wanaongea pamoja, sauti ya mmoja ndiyo unayoisikia, lakini mwenzake hajatoka chumbani, na kesho anaweza kwenda kwa mtoto akasikika. Na anayedhani "tawala" ni ya wengi, muulize watu wangapi kijijini wana kidole cha sita. Mara nyingi hiyo ni jeni tawala, na bado wenye nayo ni wa kuhesabu.

---

Maabara_zamu_ya_usiku

Mwalimu, mimi ni fundi sanifu maabara hospitali ya wilaya. Naomba nianze na ulimi, halafu nimpinge kidogo mzee wangu hapo juu, kwa heshima.

Ile sentensi ya chini ya karatasi yako si kweli. Mmarekani Alfred Sturtevant ndiye aliyeandika mwaka 1940 kwamba kukunja ulimi ni jeni moja tawala. Mwaka 1952 mtafiti mwingine, Matlock, akaangalia jozi 33 za mapacha wa kufanana, wale wa yai moja, akakuta jozi 7 ambazo pacha mmoja anakunja na mwenzake hawezi. Jeni zao ni zilezile, sasa ingekuwaje? Sturtevant mwenyewe baadaye alikiri anaona aibu kukuta jambo hilo bado linaandikwa kama hakika. Lakini karatasi za mazoezi hazisomi marekebisho. Ndewe za masikio na dimpozi nazo si za jeni moja kama wanavyochora. Mpelekee yule baba habari hii, na uende kwa miguu yako. Usimtumie meseji.

Vikundi vya damu pia usiguse kwa familia. Nimeshaona kadi za kliniki zimeandikwa kundi A, tukipima upya ni O. Ndoa isivunjwe na mwandiko wa mtu.

Ninapompinga mzee: kuku ni sawa kwa kuanzia, lakini ukiishia kwa kuku utakuwa umewanyima watoto wa kanda ya ziwa kitu wanachokihitaji kweli, yaani selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hawa wa miaka 14 baada ya miaka kumi watakuwa wanaoa na kuolewa. Kila wiki nakaa na wazazi ambao neno "mbebaji", yaani mwenye jeni moja ya ugonjwa lakini haugui, wanalisikia kwa mara ya kwanza mtoto akiwa tayari amelazwa. Na wakishalisikia, hesabu wanayoondoka nayo ni hii: "Daktari kasema mmoja kati ya wanne. Mgonjwa tumeshampata, basi watatu wanaokuja ni wazima." Nimeisikia mara nyingi hadi inaniuma meno. Yai la nne halijui la kwanza lilikuwaje! Kila mimba inaanza upya, robo ileile.

Hili fundisha kwa sarafu. Chukua za shilingi 200: upande wa Karume ni jeni ya kawaida, upande wa simba ni ya selimundu. Watoto wawili wawili, mmoja baba mmoja mama, wote wabebaji, wanarusha kwa pamoja. Karume wawili ni mzima. Karume na simba ni mbebaji, naye hana ugonjwa. Simba wawili ni mgonjwa. Warushe mara arobaini waandike. Kuna watakaopata simba wawili mara mbili mfululizo, hapo ndipo uwaulize sarafu imekumbuka nini.

Na wasitoke wakidhani jeni hiyo ni laana. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alipima damu za watu wa huko akakuta wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, nyanda za juu ni wachache. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: anayebeba jeni moja malaria kali haimpati kirahisi. Palipo na mbu wengi jeni hiyo imekuwa ikibaki. Ndiyo maana iko kwetu, hakuna aliyerogwa.

---

MamaWawili_Geita

Samahani kuingilia, mimi si mwalimu. Mwanangu wa pili ana ualbino, yuko kidato cha kwanza. Kila mwaka kuna mwalimu mmoja akifika kwenye mambo haya ya urithi anamwita asimame mbele. Nia yake ni njema najua. Mtoto anarudi nyumbani haongei.

Fundisheni tu, tena fundisheni sana, maana mimi ndiye niliyeambiwa na mama mkwe kwamba kwao hakuna kitu kama hicho. Miaka sita nililaumiwa peke yangu hadi muuguzi mmoja alipotuambia kwamba jeni ile ilitoka kwetu sote wawili, na tunaweza kuibeba vizazi bila kujua. Mume wangu siku ile alikaa kimya muda mrefu. Lakini mwanangu si kielelezo. Huyo wa selimundu naye huenda yuko humo darasani mwako, ameketi nyuma. Kabla hamjarusha sarafu mfikirieni.

---

Maabara_zamu_ya_usiku

Dada, nimekuelewa, na ni kweli sikuliwaza hilo. Mwalimu, basi sarafu ziwe za watu wa kubuni, na usiulize nani nyumbani kwao kuna mgonjwa. Mwenye lake atakufuata baadaye akiwa peke yake.

---

Mwl_wa_Jumatano

Narudi baada ya miezi mitatu kasoro, maana kuku hawana haraka.

Kwanza yule baba. Nilienda jioni, nikamweleza habari ya mapacha wa yai moja, nikamwambia kosa lilikuwa la karatasi na la mimi niliyeigawa bila kuichunguza. Hakusema kitu. Ila nilipokuwa naaga nilimwona pale mlangoni anajaribu kukunja ulimi, akidhani simwoni. Jumatano iliyofuata kijana alikuwa mstari wa mbele.

Neno "urithi" nimelibakiza, ila siku ya kwanza tuliandika ubaoni tofauti zake na urithi wa shamba. Shamba likigawanywa baba anabaki na pungufu, jeni anatoa nakala na zake zinabaki. Shamba hugawanywa kwa mila, ila jeni hazijui mila: kromosomu, yaani vifurushi vya jeni, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba, awe wa kike awe wa kiume. Yule binti aliuliza, "Hata kama wajomba hawakubali?" Darasa likavunjika mbavu. Yeye hakuwa anatania.

Kuku: jogoo mwenye kitai tuliazima kwa mama muuza chipsi jirani na shule. Mtetea tulimtenga wiki tatu kama mzee alivyoagiza, watoto wakampa jina la Mtawa. Mayai 12 yaliatamiwa, 9 yakaanguliwa: vishingo 6, wenye manyoya 3. Kelele! "Si nusu, mwalimu! Umesema nusu!" Nikatoa sarafu. Jozi moja ilirusha mara arobaini ikapata simba wawili mara 5 tu, nyingine mara 14. Tulipojumlisha jozi zote 17 ikawa 166 kati ya 680, na robo kamili ni 170. Ndipo nikawaandikia mbegu za Mendel, 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi. Wakagawanya wenyewe, ikatoka 2.96, si 3. Mmoja akasema, "Kumbe naye hakupata sawasawa," kwa sauti ya mtu aliyesamehewa.

Selimundu tumeifanya kwa bwana na bibi wa kubuni, Karume na simba vilevile. Sikuuliza kwa nani kuna nini. Wawili walinifuata baada ya kipindi, siku tofauti. Dada wa Geita, asante.

Sasa nimekwama pengine. Watoto wanataka kumpata kishingo wa shingo tupu kabisa. Wamekokotoa wenyewe kwamba lazima wazazi wote wawili wawe vishingo, hata wa kitai, na kwamba vifaranga wetu vishingo wote sita wana kitai. Nikasema basi tungoje wakue, tuwapandishe wao kwa wao. Wakakataa darasa zima. "Mwalimu, hao ni ndugu." Nikawaambia ni kuku. Wakasema hata kama.

Mzee wa Ukerewe, kuna mtu unayemfahamu upande huu wa maji mwenye mtetea kishingo wa kitai ambaye hana undugu na jogoo wa mama muuza chipsi? Tutamrudisha na mayai juu.