Kampuni za huku Nyanda za Juu mnamaliza shida zenu kwa projekti zetu halafu mnatuambia hatuna uzoefu

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Nimevumilia nimeshindwa, leo naongea.

Hivi inakuwaje kampuni inampokea mwanachuo, inamuachia tatizo lake la kweli alitatue, kazi inaisha na wanaitumia kila siku, halafu akirudi kuomba barua ya kuthibitisha alichofanya anaambiwa "wewe si ulikuja kujifunza, barua ya nini"? Na hao hao baada ya muda wanabandika tangazo getini, anatakiwa fundi umeme, uzoefu usiopungua miaka 3. Uzoefu tutautoa wapi kama hata ule tulioupatia kwenu mnaukana?

Naeleza ilivyokuwa ili mtu asiseme naropoka. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, tulipangiwa kwenye kinu cha kukoboa mpunga, jina siliweki hapa, kinapokea mzigo wa Mbarali na Kyela. Mwanzoni kazi yetu ilikuwa kufagia pumba, kushusha magunia kwenye fuso na kutumwa chapati, jioni unakaa na logbuku unaandika "nilikagua mota" maana huna kingine cha kuandika. Sasa pale kulikuwa na mota ya fezi tatu, yaani inayoletewa umeme kwa waya tatu, inayoungua kila mara, ikiungua inapakiwa kwenye kirikuu inapelekwa Mwanjelwa, Mbeya kusukwa upya waya za ndani, inarudi, inakaa kidogo inaungua tena, na lawama zote anabeba fundi aliyeisuka. Tukamuomba bosi atuachie tutafute chanzo, iwe ndo projekti yetu ya mwaka wa mwisho. Alikubali hapo hapo, kwanini akatae wakati hatumgharimu kitu.

Tukapima, fundi wao mzee akiwa pembeni anatusimamia, Mungu ambariki huyo mzee. Kumbe fezi moja ilikuwa inapotea kwenye swichi kubwa, kile kidole cha ndani kimeungua kimekuwa cheusi hakishiki vizuri, na mota ikibaki na fezi mbili wakati ina mzigo haizimi, inaendelea kuzunguka kwa shida huku inavuta ampia nyingi kuliko inavyotakiwa, waya za ndani zinachemka mpaka harufu ya vanishi inajaa jengo zima. Na overlodi iliyokuwepo, kile kifaa cha kuzima mota ikivuta ampia nyingi, mtu aliiseti juu sana kupita ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, yaani haikuwa inalinda chochote. Tukabadilisha swichi, tukaseti overlodi kwa kufuata kibati, tukaongeza rilei ya kukata kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota, fezi yoyote ikipotea, na mchoro wa saketi tukaubandika ndani ya mlango wa paneli. Hiyo rilei ilinunuliwa kwa hela zetu wenyewe. Mota haijapelekwa kusukwa tena tangu hapo, yule fundi mzee ndo anatuambia. Mchoro bado upo, ila majina yetu yamekatwa kwa mkasi! Hilo ndilo limeniuma kuliko hata hela.

Na chuo nacho siwezi kukiacha. Supavaiza anakuja mara moja, hafiki hata kwenye mashine, anakaa ofisini kwa meneja anasaini logbuku anaondoka kuwahi kituo kingine, maks zenyewe zinaangalia ripoti imepangwaje na majedwali yamekaa sawa. Tulipomfuata kuhusu barua akasema hayo ni mambo yenu na kampuni. Yetu sisi na kampuni kivipi wakati barua ya kutupeleka pale imepigwa muhuri na nyie?

Tusidanganyane kuhusu hela pia. Mwenye mkopo, Bodi ya Mikopo inampa ya fildi, miongozo yao imekuwa ikitaja 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, hapo utoe chumba, kula na daladala. Asiye na mkopo ni wazazi wauze mahindi. Halafu mtu huyo huyo anamfanyia kazi tajiri bure na bado ananyimwa karatasi.

Kuna wanaosema subirini mmalize, uzoefu mtaupata mbele. ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wana mpango unaoitwa SEAP tangu 2003, mhandisi aliyehitimu anafanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu, ni mpango mzuri na naukubali, lakini ni wa baada ya digrii, sasa wa diploma aende wapi na wa IT aende wapi? Wenzetu Marekani, pale University of Cincinnati walianza mwaka 1906, mwanafunzi wa uhandisi anapishanisha darasa na kiwanda na analipwa. Na sisi nchi imekopa Benki ya Dunia dola milioni 425 za mradi wa elimu ya juu unaoitwa HEET tangu 2021, na moja ya mambo yanayohubiriwa humo ni vyuo kushirikiana na viwanda. Ushirikiano huo uanzie kwenye karatasi moja tu.

Maana kazi zipo wakuu, huku kwetu zimejaa. Mbao Mafinga, chai Mufindi na Rungwe, parachichi Njombe, kahawa Mbozi, malori yanayoharibika kuanzia Makambako mpaka Tunduma, kila sehemu kuna shida inayomsubiri mtu wa kukaa nayo miezi kadhaa. Lakini darasani watu wananakili projekti za waliowatangulia, wanabadilisha kava na mwaka.

Tunachotaka ni mkataba wa kurasa mbili unaosainiwa na chuo, kampuni na mwanafunzi kabla hajakanyaga pale. Uandikwe projekti ni ipi, nani wa kampuni anasimamia, vifaa ananunua nani, nauli inatoka wapi, na kwamba kazi ikikubalika barua inatoka ikitaja kilichofanyika na majina ya waliofanya. Kampuni isiyotaka kusaini isipelekewe wanafunzi mwaka unaofuata, hapo mtaona watakavyobadilika.

Barua yetu ya kuomba mkataba huo iko kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya mafunzo kwa vitendo. Kama kuna mtu humu chuo chake tayari kina mkataba wa namna hiyo naomba auweke hapa, afute majina tu, tuupeleke kama mfano. Na wale mliofanya kazi mkanyimwa barua andikeni mlifanya nini na wilaya gani.