Tupeane uzoefu: zile sheria ngumu za Torati, nyumbani kwako unaziishije?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naomba tusirushiane mistari tu. Kila mtu aeleze anavyoishi na sababu yake.

Naanza mimi. Ni Mlutheri, nimeolewa Machame. Huku mbuzi akichinjwa damu inakingwa kwenye bakuli, inakorogwa isigande, kisha inatiwa kwenye supu, ndiyo kisusio. Sasa Walawi 17 inakataza damu kabisa. Nguruwe hanisumbui, Marko 7:19 inanitosha, pale Yesu alipovitakasa vyakula vyote. Damu ndiyo ngumu, maana mitume wenyewe kwenye Matendo 15 waliwaandikia Wakristo wa mataifa wajiepushe nayo.

Mume wangu anakunywa kwa amani. Anasema barua ile ile ilikataza na vyakula vya sanamu, lakini Paulo akawaambia Wakorintho wale kila kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza (1 Kor 10:25). Kwa hiyo, kwake, shabaha ilikuwa Wayahudi na wasio Wayahudi waweze kula meza moja. Hoja nzito. Ila Nuhu alikatazwa damu kabla Israeli haijakuwepo (Mwanzo 9:4), na hapo ndipo niliposimama. Mama mkwe hunichotea supu yangu kabla damu haijatiwa, na hajawahi kununa.

Mdau wa Same
Shalom dada. Mimi ni Msabato. Ujumbe ulifika huku Upare mwaka 1903, pale Giti, na wazee wetu waliupokea pamoja na Walawi 11, sura ya wanyama safi na najisi. Kambare hapikwi kwetu, hana magamba. Wokovu ni kwa neema, hilo tunalihubiri. Lakini Nuhu huyo huyo uliyemtaja alijua wanyama safi na wasio safi (Mwanzo 7:2), kabla ya Musa. Wenzangu kazini wakiagiza kitimoto, naomba kuku wangu akaangwe kwenye mafuta mengine.

Mdau wa Rorya
Yetu haikuwa ya chakula. Baba alipofariki, ndugu walimjia mama na Kumbukumbu 25:5, kwamba hata Biblia imeagiza arithiwe, yaani aolewe na ndugu wa marehemu. Mama akamwita mchungaji. Mzee yule alikaa nao barazani akawasomea sura yote taratibu, mpaka mstari wa 10. Sheria inamhusu ndugu aliyekufa bila mwana, ili jina lake lisifutike. Sisi wavulana tulikuwa tumekaa pale pale! Tena akawaonyesha kuwa mjane ndiye aliyepewa nguvu ya kwenda kwa wazee langoni kumshtaki shemeji aliyekataa, hata kumvua kiatu mbele yao. Sheria ilimlinda mwanamke asibaki bila mtu. Wao walikuwa wanalitaka shamba. Tangu siku hiyo mtu akinitajia sheria ya Musa namuuliza kwanza ilikuwa inamlinda nani.

Mdau wa Mbeya
Hapo kwenye kulinda, mimi nakumbuka riba. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini, na kikundi chetu cha akina mama kanisani kinakopeshana kwa riba. Tulibishana sana. Tukakubaliana anayekopa kwa biashara alipe riba, wa msiba, matibabu au ada ya mtoto arudishe kile kile alichochukua. Mweka hazina bado ana hofu kuwa mfuko utakauka. Vikundi vyenu mnafanyaje?