Naomba ushauri: ninunue Dare au Love and Dancing?
Wakuu, habari zenu. Naipenda mno Dare, albamu ya mwaka 1981 ya The Human League wa Sheffield, Uingereza. Karibu kila kitu humo ni sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) na mashine ya ngoma Linn LM-1, lakini inachezeka balaa! Mwimbaji Philip Oakey anaanza wimbo wa Don't You Want Me kwa ile sauti nzito, halafu mwimbaji mwenzake Susan Ann Sulley anaingia ubeti wa pili kumjibu. Hapo huwa narudisha nyuma.

Sasa nina hela ya santuri moja tu. Mwaka 1982 prodyuza Martin Rushent alizigeuza nyimbo hizo kuwa Love and Dancing, ala zikitawala. Kwa mpenda dansi, mnanishauri nianze na ipi? Na santuri ya zamani iliyotumika nikaguaje mikwaruzo?