Naomba ushauri: beta dume wa mapezi marefu, nimwekee wenzake gani?

PeziRefu

Wakuu habari zenu.

Nina samaki wa beta, dume, wa aina ile ya mapezi marefu ambayo mkia ukifunguka unakuwa nusu duara. Ni mzima, anakula vizuri, rangi imekolea. Tangi lake ni la lita 60, urefu sentimita 60, lina hita, filta ya sponji, mfuniko na mimea hai kiasi. Chini nimetandika mchanga laini.

Muda mwingi yuko juu karibu na uso wa maji, na eneo lote la chini liko tupu. Natamani kumwekea wenzake, ila sitaki aumie wala aumize. Muuzaji kanishauri nichanganye gapi madume kwa sababu wana rangi nzuri, na wale barbu wenye milia myeusi kwa kuwa wamechangamka. Nikisoma huku na kule, kila mtu ana lake: huyu anasema beta hakai na kiumbe chochote, yule anaye na samaki lukuki na hakuna shida.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Nani anafaa, wangapi, na nianze vipi?

Mkungu

Mkuu, umefanya la maana kuuliza kabla ya kununua. Kabla hatujafika kwenye majina nijibu haya: maji yana joto gani? Tangi limeshakomaa? Yaani ukipima, amonia na nitriti ni sifuri? Na huyo beta mwenyewe ana tabia gani, anafukuza kila kinachosogea mbele ya kioo au ametulia?

PeziRefu

Joto ni nyuzi 26, halishuki. Tangi ni la zamani kidogo, amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati huwa chini ya 20. Tabia: akiona kidole anakuja na kutanua vifuniko vya matamvua, halafu anaachia na kwenda zake. Sijamwona akikasirika kwa muda mrefu.

Mkungu

Safi. Maji yako yapo sawa, na lita 60 zinatosha kufikiria wenzake. Angekuwa kwenye lita 20 ningekuambia mwache peke yake, labda konokono tu.

Sasa niseme wazi: ushauri wa muuzaji usiufuate. Barbu wenye milia, Puntigrus tetrazona, ni hodari wa kung'ata mapezi, na pezi refu linalopepea polepole ndilo wanalolitafuta. Beta wa nusu duara hana mwendo wa kuwakimbia, maana ule mkia ni mzigo. Wanamng'ata kidogo kidogo, pezi linachanika, bakteria wanaingia, pezi linaanza kuoza. Na samaki mwenyewe huwa anaacha kula kabla hujaona jeraha lolote.

Gapi madume nao wana mikia mikubwa yenye rangi kali. Beta dume akiona mkia wa namna hiyo anadhani ni dume mwenzake kaingia kwenye eneo lake.

Lulu_ya_Maji

Hapo kwa gapi naomba nitofautiane kidogo na Mkungu. Mimi beta wangu anaishi na gapi majike, wale wasio na rangi nyingi, na hajawahi kuwagusa. Sioni kwa nini wapigwe marufuku kabisa.

Mkungu

Dada Lulu, sikatai, beta wapole wapo, na majike wenye rangi iliyofifia hawamchokozi sana. Lakini kuna mambo mawili. Gapi hustawi kwenye maji magumu yenye madini mengi, wakati beta anapenda maji laini kiasi. Wote watavumilia maji ya katikati, ila hakuna atakayeyafurahia. La pili, jike la gapi lililowahi kukaa na dume hutunza mbegu mwilini na kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa hata kama dume halipo tena. Beta atakula baadhi ya watoto, wengine watakua, na madume watakuwemo humo humo. Kwa mtu anayechagua sasa hivi, akiwa na nafasi ya kuchagua, mimi sianzii hapo.

Lulu_ya_Maji

Hilo la madume kuzaliwa humo ndani nalikubali, lina ukweli. Wangu nawatoa kila wakionekana.

Sakafuni

Mkuu PeziRefu, umeshajijibu mwenyewe bila kujua. Umesema beta yuko juu na chini kutupu. Basi tafuta samaki wa chini! Ukiwa na mchanga laini tayari, umemaliza nusu ya kazi.

Chaguo langu la kwanza kwa tangi lako ni koridora. Wapo wa aina nyingi na joto ndilo linalowatenganisha. Koridora panda anapenda maji ya ubaridi zaidi, kwenye nyuzi 26 muda wote utamchosha. Corydoras sterbai anavumilia joto vizuri, ila ni mnene kidogo, anafika sentimita 6 hivi, na kundi lake litakujazia sakafu. Corydoras pygmaeus ni mdogo sana, hazidi sentimita 3, na nyuzi 25 zinamfaa, kwa hiyo unaweza kushusha hita yako nyuzi moja na beta bado atakuwa sawa. Chukua sita au zaidi. Usinunue wawili "kujaribu". Koridora ni samaki wa kundi. Akiwa peke yake au wawili anajificha nyuma ya filta siku nzima na utadhani hana faida.

Ukiwaona kazini utawapenda. Anatumbukiza mdomo mchangani, anavuta mchanga na chakula pamoja, halafu mchanga unatokea kwenye matamvua. Mara moja moja anapanda juu kwa kasi, anameza hewa na kurudi chini. Usishtuke ukiona hivyo mara chache, ndivyo walivyoumbwa, hewa hiyo wanaitumia kupitia utumbo. Wakianza kupanda kila mara, hapo pima maji.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: koridora ana miiba migumu kwenye mapezi ya mgongoni na ubavuni, na akiogopa anaisimamisha. Ukimvua kwa wavu inanasa. Tumia kikombe.

Mwani

Naunga mkono, na naongeza kuli, Pangio kuhlii. Ni mwembamba mrefu, ana mikanda ya kahawia na manjano, anafika sentimita 8 hadi 10. Asili yake ni huko huko Kusini-Mashariki mwa Asia alikotoka beta, anapenda joto lile lile na maji laini yale yale. Naye ni wa kundi, watano au sita. Mchana atajificha chini ya magogo na mizizi, usiku ndio anatoka. Beta hana habari naye kabisa kwa sababu wanapishana saa na wanapishana maeneo. Ila kama unataka kuona samaki muda wote mchana, utasikitika.

Chagua kundi moja la chini, koridora au kuli. Usiweke yote mawili kwenye lita 60.

Tulivu

Na wa katikati je? Maana naona mnamjaza chini tu 🙂

Kwa katikati mimi ningependekeza rasbora, Trigonostigma heteromorpha, yule mwenye pembetatu nyeusi ubavuni. Mkia wake mfupi, mwepesi kukimbia, hana tabia ya kung'ata, na anakaa vizuri kwenye nyuzi 25 na 26. Wanane wanatosha. Au tetra wa rangi ya kaa la moto, Hyphessobrycon amandae, ni mdogo wa sentimita 2 tu na mpole mno. Tetra neoni wengi wanawapenda kwa rangi, ila hupendelea maji ya ubaridi kidogo, na kundi likiwa dogo baadhi huanza kudonoa mapezi. Tetra wa serpae usimguse kabisa, huyo ni mdonoaji kama barbu.

Samaki wa dhahabu nao wasahau. Maji yao ni ya ubaridi, wanakua wakubwa, na uchafu wao ni mwingi mno. Gurami ni ndugu wa beta, wanapumua hewa kama yeye na kugombania uso wa maji kama yeye.

PeziRefu

Nawashukuru sana wote, nimejifunza mengi kwa muda mfupi. Maswali mawili zaidi. Kwanza, kwa nini nisimwekee jike la beta awe mwenzake wa kweli? Pili, vipi kamba wadogo wale wekundu na konokono?

Mkungu

La jike, hapana mkuu. Porini beta dume anashika eneo lake kwenye maji ya kina kifupi yenye majani mengi, kama vile mashamba ya mpunga ya Thailand, na anayeshindwa anaogelea na kuondoka. Ndani ya tangi hakuna pa kuondokea. Wafugaji huwakutanisha dume na jike kwa ajili ya kuzalisha tu, wakiwa wamesimama hapo hapo, na mayai yakishatoka jike anaondolewa mara moja kwa sababu dume linalolinda kiota humshambulia. Yule jike hapati "ndoa", anapata kipigo.

Na niseme hili kwa uzito wake: beta hana upweke kama tunaoufikiria sisi. Ni samaki wa kuishi peke yake. Wenzake tunawaweka kwa sababu tangi linapendeza na sisi tunafurahi, hakuna ubaya, lakini wasipoelewana asilazimishwe kwa hoja kwamba anahitaji kampani.

Sakafuni

Kwa konokono: anza nao, tena kabla ya samaki yeyote. Weka mmoja na utazame. Neritina ndiye bora, ana gamba gumu, pembe fupi, anasafisha kioo. Atataga vitone vyeupe vilivyoganda kwenye magogo, lakini watoto hawatakua kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatakujazia tangi. Konokono wakubwa wa Pomacea wana pembe ndefu zinazochezacheza, na beta huziona kama minyoo akazidonoa.

Beta akimkagua konokono kisha akamwacha, una dalili njema. Akimwandama siku nzima, hata koridora nisingemwekea.

Kamba wadogo wekundu ni bahati nasibu. Watoto wao wataliwa, hilo lichukulie kuwa ni hakika. Wakubwa wanaweza kusalia ukiwa na mimea midogo ya moss ya kutosha ya kujifichia. Kamba aina ya Amano anafika sentimita 4 au 5, huyo ana nafasi nzuri zaidi. Ila ukiona kamba anakuuma kumpoteza, usimweke.

Lulu_ya_Maji

Naongezea jinsi ya kuwaingiza, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu hata wakiwa wamechagua samaki sahihi.

Wageni wakae kwanza kwenye chombo cha pembeni wiki mbili hadi nne. Beta wako hana ugonjwa, usimletee. Ukilazimika kutumia dawa humo, soma kama ina shaba, kwa sababu shaba inaua kamba na konokono. Chombo kilichowekwa dawa hiyo usikitumie kwao.

Siku ya kuwaingiza, mtoe beta umweke kwenye chombo cha pembeni chenye maji ya tangi lake. Hamisha magogo na mimea, badilisha mpangilio wote. Ingiza wageni, zima taa, wape muda wa kuzoea, ndipo umrudishe. Akirudi anakuta mahali papya, hana kona ya kuilinda. Waingize kwa awamu pia: kundi moja, subiri wiki kadhaa huku ukipima amonia, ndipo la pili. Filta ya sponji inahitaji muda kuzoea mzigo mpya.

Kwenye chakula, mpe beta kwanza, upande mmoja juu. Wa chini wape punje zinazozama baada ya kuzima taa. Beta ni mlafi, akifuata zile punje atavimba tumbo.

Mwani

Na mimea iongezwe, hasa inayoelea, ili beta apate kivuli na samaki wengine wapate pa kukatisha asiwaone. Majani makavu ya mti wa mkungu nayo yanafaa, yanatoa rangi ya chai na kulainisha maji kidogo. Usizibe uso wote wa maji, beta lazima apate hewa ya juu. Ana kiungo maalumu kichwani cha kuvutia hewa, na akizuiwa kufika juu anakufa hata kama maji yana oksijeni tele.

PeziRefu

Basi nimeamua hivi: konokono mmoja wa Neritina kwanza. Akivumiliwa, koridora pygmaeus wanane, nikae nao kwanza. Rasbora nitafikiria baadaye kabisa, au nisiwaweke. Gapi na barbu nimewafuta. Hita nitaishusha hadi 25.

Swali la mwisho: nitajuaje kwamba imeshindikana? Sitaki kusubiri hadi nikute maiti.

Mkungu

Mpango mzuri sana huo. Siku za mwanzo ataenda kuwatazama, atatanua matamvua, pengine awafukuze hatua mbili tatu kisha aache. Hiyo ni kawaida.

Watenganishe ukiona anamfuata samaki mmoja huyo huyo bila kuacha, au wageni wamejibana kona moja ya juu, hawali, mapezi yamechanika. Kwa beta mwenyewe angalia mistari iliyopauka ya mlalo ubavuni, mapezi kubanwa mwilini, kukataa chakula, au kutembea mbele ya kioo kwenda na kurudi kutwa nzima. Usiwape "siku moja zaidi". Chombo kile cha pembeni kibaki kimejaa maji, na sponji ya akiba uiache ndani ya tangi kubwa ili ikihitajika iwe imeshakomaa.

PeziRefu

Nimeelewa mkuu. Sponji ya pili naiweka leo. Nikishamweka konokono nitarudi kuwaambia alivyompokea.